Shanga ya Sita

Mdomo wangu umenikosanisha na wengi: wauguzi, madereva wa magari ya wagonjwa, hata imamu wa msikiti wetu mara moja, kwa mambo ya kipaza sauti. Lakini sikuwahi kuutia kwenye ndoa ya mtu mpaka asubuhi ile alipokuja Bi Siti wa Msuka.

Mimi naitwa Mwanawema. Nafanya kazi ya maabara katika zahanati ndogo hapa Madungu, Chake Chake, huu mwaka wa kumi na nne. Watu huniita dokta na nimechoka kuwasahihisha. Chumba changu kina dirisha moja, friji moja, na meza ndefu ambayo hairuhusiwi kuwekwa chai na mtu yeyote isipokuwa mimi.

Waliingia watatu, saa mbili na nusu. Mbele Bi Siti, mwanamke mkavu wa miaka sitini na kitu, vidole vyake vimepasuka kwa chumvi kama vya wanawake wote wanaolima mwani. Nyuma yake mkwewe, Mwatum, amembeba mtoto wa kike wa miaka mitano aitwaye Khairat, macho yake ya manjano na mikono imevimba. Begani Mwatum alikuwa na furushi kubwa la nguo lililofungwa kwa kanga. Furushi lile lilinishangaza. Mtu haji kupima damu na nguo zake zote.

"Shikamoo, Bi Siti," nilisema, baada ya kuambiwa jina.

"Marahaba, mwanangu. Nimekuja kuchukua karatasi."

"Karatasi gani?"

"Ya kuwa maradhi ya ntoto huyu yametoka kwa mamaake. Hospitali washasema ni selimundu, ati yarithiwa. Kwetu sie hakuna ntu mwenye maradhi hayo. Iandike, nimsomee mwanangu."

Mwanawe ni Seif, mumewe Mwatum. Yuko dago, kambi ya wavuvi huko Lamu, mwezi wa tatu sasa. Bi Siti alinieleza bila kuficha na bila kupunguza sauti: Seif amekwisha kukubali kwenye simu. Karatasi ikipatikana, talaka inafuata. Mwatum atatoka hapa maabara moja kwa moja mpaka kwao Wesha, na furushi lake.

Kisha akanisogelea na kusema lile hasa lililokuwa moyoni mwake. "Wamenambia maradhi haya ntoto hupewa na wawili, baba na mama. Sasa kama kwetu hayako, mwanangu, huyo wa pili nani?"

Alisema mbele ya Mwatum. Mwatum akaangalia sakafu. Khairat, ambaye haelewi, alikuwa akihesabu vigae kwa kidole chake kilichovimba.

Hasira zikanipanda. Najua kazi yangu inataka utulivu, nimehudhuria hata mafunzo ya utulivu, siku mbili, na cheti ninacho. Havikunifaa kitu.

"Unajuaje kwenu hayako, Bi Siti? Umepimwa wewe?"

"Mie? Mie mzima. Tangu nizaliwe sijalala hospitali."

"Basi toa kidole chako hapa tuone!"

Akatoa pale pale. Kidole kilikuwa juu ya meza yangu kabla sijafunga mdomo, na hapo ndipo nilipofahamu nilichokifanya.

Maana hesabu yake ni hii. Seif lazima awe amebeba kasoro moja, mtoto ndivyo anavyotwambia. Lakini Seif angeweza kuirithi kwa mamaake, au kwa babaake, ambaye amekwisha kufa. Damu ya Bi Siti ikionekana safi, haitathibitisha lolote. Huenda ilipita kwa marehemu. Mimi naelewa hivyo. Bi Siti asingeelewa hivyo hata kidogo. Angetoka mlangoni na usafi wake, na Mwatum angekuwa mzinifu kwa ushahidi wa maabara.

"Subiri kwanza," nilisema. "Hata wewe usipokuwa nayo, babaake Seif huenda..."

"Marehemu usimtie kinywani. Choma."

Nikamtazama Mwatum. Nilitaka akatae, ili nipate sababu ya kutopima. Aliinua uso mara ya kwanza tangu aingie. "Mpime, dokta," alisema. "Nipime na mie. Mungu anajua."

Nikawachoma wote watatu, Khairat mwisho.

"Itachukua mpaka kama saa tano," niliwaambia. "Mna haraka ya bamvua, labda, ya kushuka kwenye mwani maji yakitoka?"

"Maji ya leo yanatoka saa saba," alisema Bi Siti. "Na mie saa saba siingii pwani. Kaa na kazi yako."

Sasa nieleze kifaa chenyewe, maana nakionea fahari kuliko baadhi ya jamaa zangu. Mashine yetu ya kutenganisha protini za damu iliungua sehemu ya umeme mwezi uliopita, siku umeme ulipozidi nguvu na kuua friji za nusu ya mtaa. Nililia, sisemi uongo. Nikaenda kwa Mjaka, fundi redio wa hapa hapa Madungu, nikamchorea ninachotaka. Baada ya siku nne akaniletea boksi la plastiki la kuwekea chakula. Ncha zake mbili ametia vijiti vya makaa alivyovitoa ndani ya betri kuukuu za tochi. Umeme unatoka kwenye betri nane ndogo za volti tisa, zimeshikana moja na nyingine. Kitana cha kuacha vishimo vya kutilia damu kimekatwa kutoka kwenye kadi ya benki iliyokwisha muda wake.

Siku ya kwanza tulipokijaribu tulitumia damu yangu na damu yake. Yangu ilitembea ikawa mstari mmoja mwekundu. Yake ikagawika miwili, na ndivyo Mjaka alivyojua kuwa yeye amebeba selimundu upande mmoja, yeye mwenye kunyanyua jenereta peke yake. Alisema Subhanallah, akaomba nimuoneshe tena. Hakusikitika hata kidogo, alikuwa ameshangaa tu. Tangu hapo tone la damu yake liko kwenye friji, kwa idhini yake, liwe kipimo cha wengine.

Nikaanza kazi. Matone yao nikayatia kwenye vichupa, nikayazungusha mpaka chembe nyekundu zikalala chini, nikazisafisha kwa maji ya chumvi, kisha nikazitia maji matupu zikapasuka. Hapo kilichokuwa ndani yake kinatoka: ile protini nyekundu inayochukua pumzi kutoka mapafuni na kuipeleka mpaka ncha ya kidole. Halafu nikachukua unga mweupe kutoka kwenye kopo, nikautia kwenye maji yenye dawa, nikaupasha juu ya jiko. Unachemka, unakuwa kama uji wa maji, ukipoa unaganda.

Bi Siti alikuwa amekaa kwenye benchi na mikono mapajani. Ghafla akainua kichwa, pua zikamcheza.

"Nini hicho unachopika?"

"Dawa ya kugandisha."

"Weye. Huo mwani."

Nilisimama na kijiko mkononi. Miaka yote ninaupika unga ule, tangu enzi za ile mashine iliyoungua, sijapata kusikia harufu yoyote. Lakini ni kweli. Unga ule hutengenezwa kutokana na mwani.

"Ndio, Bi Siti," nilisema. "Ni mwani. Si wa aina yenu, ni jamii yake, lakini ni mwani."

Akainuka akaja mezani. Kwa kawaida ningemfukuza. Palikuwa na kipande cha jana kilichoganda, safi, hakijatiwa damu, nikampa. Akakiweka kiganjani. Kilikuwa kama jeli, angavu, mistari ya kiganja chake inaonekana kupitia humo.

"Mwaka wa thalathini nafunga mwani kwenye kamba," alisema taratibu. "Naanika, natia guniani, wanakuja wanauchukua. Nikiuliza waenda wapi, naambiwa sabuni, naambiwa dawa ya meno. Hakunambia ntu kuwa waenda kuulizwa habari za damu."

"Wanaouza hawajui, Bi Siti."

"Na wasema kweli, mwani huu?"

"Hauna sababu ya kusema uongo. Haumjui mtu."

Alinirudishia kile kipande kwa mikono miwili, kama anavyorudishiwa mtu msahafu.

Uji ukapoa ndani ya boksi, kitana cha Mjaka kikiwa kimezamishwa ncha moja. Nilipokitoa vikabaki vishimo vitano, vidogo kuliko punje ya mchele. Nikavijaza: kwanza damu yangu, ambayo haina kasoro, kisha ya Mjaka, kisha ya Khairat, ya Mwatum, na mwisho ya Bi Siti. Nilimtilia Bi Siti nyingi kidogo kuliko wengine.

Nikaunganisha waya. Kwenye vijiti vya makaa vikaanza kupanda viputo, vyembamba, mfululizo.

"Kinapumua!" alisema Khairat, nikacheka.

Tulikuwa na saa nzima na zaidi ya kungoja, na mimi nisipozungumza huwa mkali, kwa hiyo nikazungumza. Nilimwambia Bi Siti kuwa protini ile nyekundu ni mnyororo, na mnyororo ni shanga zilizotungwa, moja baada ya nyingine, kwa mpango usiobadilika. Ule mnyororo unaotuhusu una shanga mia moja na arobaini na sita. Selimundu ni kosa la shanga moja tu. Ya sita. Imetolewa iliyopaswa kuwapo, ikatungwa nyingine.

"Moja?"

"Moja."

"Na hizo mia na arobaini nyingine?"

"Ziko sawa zote. Lakini kwa hiyo moja, minyororo inagandana, chembe ya damu inajikunja kama mundu, inakwama kwenye mishipa. Ndiyo maana mikono ya Khairat inavimba. Ndiyo maana analia."

Bi Siti alitazama mikono ya mjukuu wake.

Nikaendelea, maana hapa ndipo mimi mwenyewe hushangaa. Shanga ile iliyopaswa kuwapo ina chembe ya umeme. Iliyochukua nafasi yake haina. Tofauti hiyo hakuna jicho linaloweza kuiona, hata kwa darubini yangu. Lakini ukizitia protini ndani ya mwani na ukazivuta kwa umeme wa betri za Mjaka, yenye shanga sahihi inakwenda mbele, yenye kasoro inabaki nyuma kidogo. Kidogo tu, upana wa ukucha. Wala huhitaji kuipaka rangi, kwa sababu damu ina rangi yake iliyoumbwa nayo. Nimeliona jambo hili mara nyingi sana, na kila mara mwili unanisisimka. Kwamba limefichwa ndani kabisa namna hiyo, na bado limeachiwa njia ya kujulikana.

"Ukiwa na mistari miwili," nilimalizia, "umebeba, lakini huumwi. Kama Mjaka, huyu hapa wa pili. Ukiwa na mmoja, wa mbele, huna. Mmoja wa nyuma, ndio ugonjwa."

Nilijuta kumfundisha vizuri namna ile. Sasa angeweza kusoma mwenyewe.

Dakika ishirini, yote matano yalikuwa madoa yaliyofifia. Dakika arobaini, la Mjaka likaanza kukatika katikati. La Khairat lilikuwa limebaki nyuma, zima, halikatiki. Mwatum alilitazama akaufahamu msiba wake, kwamba hakuna kosa la hospitali, akambusu mtoto kichwani. Lake mwenyewe likagawika muda mfupi baadaye. Mbele mmoja, nyuma mmoja.

"Huyo kabeba," alisema Bi Siti.

"Kabeba," nilisema. "Kama walivyosema hospitali."

La Bi Siti halikugawika. Lilikuwa doa moja pana, jekundu, linatembea. Nilijilaumu kwa mkono wangu uliomzidishia damu, maana ikizidi hukawia kugawika, nikajilaumu kwa mdomo wangu uliotangulia. Nikafikiria kuzima umeme, niseme betri zimekwisha. Nakiri hilo. Mkono wangu ulikuwa kwenye waya kabisa. Lakini niliitazama ile damu inavyotembea bila kumuogopa mtu, nikaona haya, nikautoa mkono.

Mwatum alikuwa ameacha kutazama. Alikuwa anafunga upya fundo la furushi lake.

Dakika hamsini na tano, Bi Siti akainama juu ya boksi. Macho yake ni makali, miaka thalathini ya kutafuta ugonjwa kwenye tawi la mwani. Aliinama mpaka pumzi yake ikatia ukungu kwenye kifuniko, nikakifuta. Akainama tena. Mimi nilikuwa bado naona doa moja.

"Pana mwanya," alisema.

Nikangoja. Ule mwanya ukawa kama uzi, kisha kama utepe. Ilipotimia saa moja na robo tangu niunganishe waya, hapakuwa na ubishi tena. Mmoja ulikuwa sawa na wangu, mbele. Mwingine ulikuwa umebaki nyuma, umelingana na wa Khairat sawasawa, kana kwamba mtu ameupimia rula.

"Wangu miwili," alisema Bi Siti.

"Miwili."

"Na huu wa nyuma ndio ule ule wa ntoto?"

"Ndio ule ule. Shanga ya sita." Nikajilazimisha kusema yote, maana haki haikubali nusu. "Seif mwenyewe atapimwa akirudi, na sisi tutairudia kazi hii kwenye mashine kubwa ya hospitali kabla ya kuandika karatasi. Lakini huwezi tena kusema kwenu hayako, Bi Siti. Yako. Unayo wewe."

Nilitarajia ubishi. Nilikuwa nimeuandalia na majibu. Badala yake alirudi nyuma akakaa kwenye benchi polepole, mkono unatafuta pa kushika.

"Nilikuwa na ntoto kabla ya Seif," alisema. "Ngwali. Mikono ikimvimba hivi. Macho hivi hivi. Usiku akilia mpaka sauti inakwisha. Kafa na miaka minne."

Mwatum akageuka. Nadhani hakuwahi kulisikia jina hilo.

"Mamkwe kasema mie ndiye niliyemuua. Nilipokuwa na mimba yake nilikwenda pwani saa saba ya nchana, kuchukua chaza. Kasema shetani wa pwani kanipiga, kaingia kwa ntoto. Watu wote wakasema hivyo. Na mie nikasema hivyo. Miaka arobaini na moja." Akafuta uso kwa ncha ya mtandio. "Saa saba sijaingia maji tangu siku ile. Wenzangu hunicheka. Nikiwaona wanashuka, mie nakaa juu ya nchanga nawangoja."

Viputo vilikuwa bado vinapanda kwenye boksi.

"Dokta, n'ambie. Ngwali naye alikuwa na nstari mmoja? Wa nyuma?"

"Siwezi kumpima, Bi Siti. Lakini kwa ulivyomweleza, naamini ndivyo. Kasoro moja yako, moja ya babaake. Hamkujua. Hakuna aliyejua."

"Pwani haikuwa na makosa?"

"Haikuwa na makosa," nilisema. "Wala wewe hukuwa na makosa."

Alilia hapo, kwa sauti, bila kujificha, na Khairat akateremka mapajani kwa mamaake akaenda kumshika goti. Bi Siti alimpakata. Alichukua mikono ile iliyovimba akaitia ndani ya yake, iliyopasuka, akaipulizia kama mtu anavyopuliza chai ya mtoto. Mimi nilijifanya nasafisha kitana.

Alipotulia akaomba simu ya Mwatum. "Kipige picha hicho," aliniambia. "Chote. Na wangu uonekane."

Nikapiga. Mistari ilikuwa inang'aa ndani ya ule mwani, mizuri kupita kiasi kwa kitu kilichobeba huzuni yote ile. Kisha akampigia Seif. Mtandao ulikuwa mbaya na ilimbidi apige kelele, kwa hiyo wagonjwa wote barazani walisikia.

"Seif! Hakuna karatasi! Nimekuletea picha. Nini? Yangu, nakwambia, imetoka kwangu! Njoo upimwe. Na nkeo usinpigie simu ya upuuzi, nshakukataza. Haya."

Akanirudishia simu mimi badala ya Mwatum, kwa kuchanganyikiwa. Halafu akasimama mbele ya mkwewe. Nilingoja amuombe radhi, na nafikiri Mwatum pia alingoja. Bi Siti akainama akalichukua lile furushi la nguo, akalipandisha kichwani mwake mwenyewe, akaliweka sawa.

"Nchukue ntoto," alisema. "Gari ya Msuka tukiiwahi sasa hivi, tutayakuta maji yanatoka."

Mwatum alimtazama. "Maji ya saa saba, mama?"

"Ya saa saba."